Waya umeingia, mbona picha haitoki?

Waya wenyewe bado ninao, umejikunja ndani ya droo pamoja na chaja za simu zilizokwisha kufa. Upande mmoja una kichwa bapa cha HDMI kilichopakwa rangi ya dhahabu. Upande wa pili una mikia mitatu yenye vichwa vya mviringo: wa njano, mwekundu na mweupe. Niliununua Kampala, katika mojawapo ya majengo yale ya maduka ambayo ukishapanda ngazi mbili umesahau mlango ulioingilia. Kijana wa duka, alipojua natoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliacha Kiluganda akanihudumia kwa Kiswahili. "Mwalimu, huku inaingia kwenye laptopu, na huku inaingia kwenye TV. Hakuna shida." Nikalipa, nikapanda basi la usiku kurudi Arua.

Hakunidanganya, maana uliingia kotekote. Jirani yangu, hajati mmoja mwenye televisheni ya chogo ya inchi 21 ambayo hataki hata kusikia habari ya kuibadilisha, alikuwa na flashi yenye video ya harusi ya binti yake. Televisheni yake haina tundu la flashi, kwa hiyo akanituma waya. Siku hiyo aliwaita na mashemeji. Nilichomeka HDMI kwenye laptopu, nikachomeka mikia nyuma ya televisheni, rangi kwa rangi, nikabonyeza kitufe cha AV kwenye rimoti. Kioo kikawa cha buluu. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka tena. Buluu. Mashemeji walikuwa mkekani na soda zao, kila mmoja ana ushauri.

Kosa lilijificha kwenye neno "inaingia". Umbo la kichwa cha waya linakueleza jambo moja tu, nalo ni tundu litakalokipokea. Halikuelezi kinachopita humo ndani ni lugha gani, kinaelekea upande upi, wala kama sauti imo. Karibu kila ugomvi niliouona kati ya laptopu na televisheni, nyumbani na shuleni, ulizaliwa na mojawapo ya hayo matatu.

Lugha iliyomo ndani ya waya

Tuanze na chogo la hajati. Televisheni ya aina ile huchora picha kwa mwale wa elektroni unaofagia kioo kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, kama mtu anayelima tuta kwa tuta. Mfumo tuliourithi Uganda ni PAL, wenye mistari 625 na picha kamili 25 kwa sekunde. Ukizidisha unapata mifagio 15,625 kila sekunde. Kinachopita kwenye mkia wa njano ni umeme unaopanda na kushuka. Ukipanda, mahali pale kiooni panang'aa, ukishuka, panafifia. Rangi imechanganywa humohumo, na amri za kuuambia mwale "sasa rudi mwanzo wa mstari" zimo humohumo pia. Vyote hivyo vinabanana ndani ya waya mmoja, katika volti moja hivi. Hiyo ndiyo analojia. Mikia mwekundu na mweupe ni ya sauti tu, kulia na kushoto.

HDMI ni dunia nyingine kabisa. Ilitoka Desemba 2002, na kichwa chake kina pini 19. Picha inasafiri kama tarakimu, moja na sifuri, katika jozi tatu za nyaya, huku jozi ya nne ikipiga mdundo ili zile tatu zisipotezane. Kwa picha ya nukta 1920 kwa 1080, ikirudiwa mara 60 kwa sekunde, hizo ni tarakimu zaidi ya bilioni nne kila sekunde. Sauti imepakiwa humohumo katikati ya picha.

Sasa chukua kichwa cha HDMI ukiunge na mkia wa njano kwa shaba tupu. Tarakimu bilioni nne zinamwagika kwenye tundu linalongojea volti moja ya kupanda na kushuka taratibu. Televisheni haioni chochote cha kukielewa, inatulia na buluu yake.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video hapa Uganda anaujua mchezo huu. Filamu inakuja na lugha yake, watazamaji wana yao, na katikati anakaa VJ na maikrofoni, anatafsiri na kuongeza chumvi. Mwondoe VJ, uboreshe skrini na spika kadiri utakavyo, mtazamaji asiyejua lugha ya filamu ataambulia milio ya risasi tu. Kijana wa duka aliniuzia barabara nzuri, yenye dhahabu miguuni na kichwani, akaniahidi kwamba barabara itatafsiri.

Tena jambo hili tulishalipitia nchi nzima. Mwaka 2015, matangazo ya televisheni yalipohama kutoka analojia kwenda dijitali kuanzia Kampala, machogo yote hayakutupwa. Yaliwekewa king'amuzi. Neno lenyewe linajieleza: ni chombo cha kung'amua, kinachopokea tarakimu kutoka hewani na kuzitoa nyuma yake kama njano, nyekundu na nyeupe. Laptopu nayo inahitaji mng'amuzi wake. Ni kiboksi kidogo kama kiberiti kilichonenepa, chenye tundu la HDMI upande mmoja na matundu matatu ya rangi upande wa pili, na ndani yake mna chipu inayofanya kazi. Dalili ya kwanza kwamba kuna mtafsiri ndani ni kwamba kinaomba chakula: kina tundu dogo la kuchomekewa waya wa USB ili kipate umeme. Waya wa HDMI wa mikia mitatu usiokuwa na kiboksi wala pa kulishia umeme, uache palepale dukani.

Kwenye viboksi hivi kuna mtego mwingine. Vinauzwa vya namna mbili vinavyofanana kama mapacha, rangi moja, ukubwa mmoja. Kimoja kimeandikwa HDMI2AV, kingine AV2HDMI. Cha kwanza kinatoka dijitali kwenda analojia, ndicho cha kupeleka laptopu mpya kwenye chogo. Cha pili kinakwenda kinyume, kwa mwenye deki ya zamani na televisheni mpya. Ukikosea hakuna kitakachoungua, utakaa tu na buluu yako. Ubavuni mwa HDMI2AV kuna swichi ndogo ya PAL na NTSC, ule mfumo wa televisheni wa Marekani; hapa kwetu inatakiwa ikae kwenye PAL. Ukiiacha kwenye NTSC unaweza kupata picha isiyo na rangi au inayopanda juu kama pazia linalovutwa.

Waya wangu una ndugu yake ambaye ananiuma zaidi, kwa sababu yeye si tapeli wa moja kwa moja. Ni ule wenye kichwa cha buluu cha VGA upande mmoja na mikia ya rangi upande wa pili. Hapo mtu anaweza kubisha: VGA ni analojia na televisheni ni analojia, wagombane nini? Wanagombania mwendo. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987 kwa ajili ya skrini za kompyuta, na hata katika picha yake ndogo kabisa, 640 kwa 480, inataka mwale ufagie mara 31,500 hivi kwa sekunde, karibu mara mbili ya uwezo wa chogo. Halafu VGA hutenganisha nyekundu, kijani na buluu, kila moja na waya wake, na amri za mwale zina nyaya zake pembeni. Tundu la njano linataka vyote hivyo vimechanganywa tayari. Wote wanasema Kiswahili, lakini mmoja anaongea haraka maradufu, tena kwa midomo mitano.

Nasema si tapeli kabisa kwa sababu zilikuwapo kompyuta zilizoweza kuushusha mwendo huo zenyewe na kutoa lugha ya televisheni kupitia tundu hilo la buluu. Laptopu nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa pia na tundu la duara la S-Video, lenye pini nne au saba, linalopeleka mwangaza na rangi kwa nyaya mbili tofauti. Ukiikuta laptopu ya namna hiyo, waya mtupu unatosha kabisa. Ndani ya mipangilio ya skrini utachagua PAL, na filamu itapendeza. Usijaribu kusoma barua tu. Herufi za kompyuta kwenye chogo ni kama maandishi yaliyonyeshewa.

Matundu yanayofanana

Kwa wenye televisheni bapa mambo ni mepesi, na wengi hawahitaji makala. HDMI kwa HDMI, waya mmoja, picha na sauti pamoja. Taabu huanza pale laptopu inapokuwa haina HDMI, na hapa kwetu laptopu za namna hiyo zimejaa, maana nyingi zinazouzwa kwa bei tunayoiweza zilishafanya kazi maofisini Ulaya au Dubai kabla ya kuja kwetu. Kompyuta za ofisini zina tabia zao. Lenovo ThinkPad T420 ya mwaka 2011, kwa mfano, haina HDMI. Ina VGA na DisplayPort. HP EliteBook 840 za mwanzo vilevile.

DisplayPort ni kiwango cha mwaka 2006, na tundu lake ndilo linalowapotosha watu, kwa kuwa kwa mbali linafanana na HDMI. Inamisha laptopu kwenye mwanga ulitazame vizuri. HDMI imepunguzwa kona zote mbili za chini, mithili ya mtumbwi. DisplayPort imekatwa kona moja tu, nyingine zimebaki mraba. Nimewahi kumkuta mwalimu mwenzangu akisukuma kichwa cha HDMI kwenye tundu la DisplayPort kwa nguvu za mtu anayefunga sanduku la safari. Kilikuwa kimeshaanza kuingia, Mungu amsamehe.

Habari njema ni kwamba DisplayPort ya laptopu mara nyingi inajua lugha mbili. Tazama alama yake: herufi D na P zilizoshikana, na wakati mwingine jozi ya alama za kujumlisha pembeni. Ukichomeka waya wa DisplayPort kwenda HDMI, laptopu inatambua kilichochomekwa na kuanza kutoa HDMI yenyewe, na ndiyo sababu waya huo ni wa bei rahisi na unafanya kazi bila kiboksi. Lakini ni wa njia moja. Ukiugeuza, laptopu ya HDMI iende kwenye skrini ya DisplayPort, utaganda, kwa sababu HDMI haikufundishwa lugha ya mwenzake.

Tundu jipya, lile dogo la mviringo la USB-C lililokuja mwaka 2014, lina pini 24 na unafiki mwingi. Umbo ni lilelile katika laptopu zote, ila baadhi linatoa picha na baadhi linachaji au kupeleka mafaili tu. Hakuna adapta itakayolilazimisha. Tafuta kialama cha D na P au cha radi pembeni mwa tundu. Kama hakipo, soma karatasi za mashine hiyo hiyo kabla hujatoa pesa.

VGA tuliyoiacha kwenye chogo inarudi hapa kwa heshima zaidi. Televisheni bapa nyingi za miaka ya nyuma zina tundu lake, limeandikwa PC, na zinaelewa mwendo wake bila mtafsiri. Desemba 2010 kundi la watengenezaji, Intel na AMD wakiwemo, walitangaza kwamba wataiacha, lakini katika madarasa yetu projekta za VGA zingali zinadunda. VGA haibebi sauti hata kidogo. Watu hununua waya wa pili, wa vichwa viwili vya spika, wakautoa kwenye tundu la hedifoni la laptopu hadi kwenye tundu la sauti lililo jirani na lile la PC. Tundu la sauti lililo mbali, la HDMI au la AV, mara nyingi halihusiki na PC, na hapo ndipo mtu anaapa kwamba laptopu yake imekufa spika.

Kuhama kutoka laptopu ya HDMI kwenda projekta ya VGA ni kutoka dijitali kwenda analojia tena, kwa hiyo panahitajika mtafsiri. Katika adapta hizi ndogo mtafsiri amefichwa ndani ya kichwa chenyewe cha plastiki. Anakula wapi? Anadoea kwenye HDMI. Pini ya 18 hutoa volti 5, lakini kiwango kinailazimisha laptopu itoe milliampia 55 tu, ambazo ni chakula cha kuku. Laptopu nyingine ni karimu zaidi, nyingine hutoa hichohicho. Shuleni kwetu tulikuwa na adapta iliyofanya kazi vizuri kwenye laptopu ya mkuu wa shule na kuzimazima kwenye yangu, tukaamini ina heshima kwa vyeo. Ilikuwa njaa. Tulinunua nyingine yenye tundu la USB ubavuni, tukailisha kutoka laptopu yenyewe, ikatulia.

Salamu kabla ya picha

Hata nyaya zikiwa sawa, picha inaweza kukataa, na mara nyingi ni kwa sababu salamu hazikukamilika. Sisi tunajua huwezi kufika kwa mtu ukaanza na shida yako. Kwanza hujambo, watoto hawajambo, za kutoka jana. HDMI imelelewa hivyohivyo. Laptopu inapeleka volti zake 5. Televisheni inajibu kupitia pini ya 19 kwamba ipo. Ndipo laptopu inaomba ijulishwe: wewe ni nani, umetengenezwa lini, unakubali picha za ukubwa gani, una spika? Jibu linakuja katika kijikaratasi cha tarakimu ambacho sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu. Laptopu ikishalisoma, inachagua ukubwa wa picha, na hapo tu kioo kinawaka.

Ikitokea salamu moja imedondoka, kwa sababu kichwa kimelegea au televisheni iliwashwa ikachelewa kujibu, laptopu inaamini hakuna mtu nyumbani. Kwa hiyo washa televisheni, chagua kwa rimoti tundu hasa ulilochomeka, HDMI 1 au HDMI 2, kisha chomeka waya. Ikigoma, chomoa upande mmoja, hesabu hadi kumi, rudisha. Mafundi wa mtaani hufanya hivyo bila kueleza kwa nini, na wako sahihi.

Laptopu inayotumia Windows inataka pia iamriwe. Shika kitufe chenye nembo ya Windows, bonyeza P. Zinatokea njia nne: skrini ya laptopu pekee, zote mbili zionyeshe kitu kimoja, zote mbili ziwe uwanja mmoja mpana, au televisheni pekee. Nimeitwa usiku, nikavuka mtaa mzima, kwa ajili ya laptopu iliyokuwa kwenye njia ya tatu: televisheni inaonyesha mandhari nzuri ya mlima bila kialama hata kimoja, na mwenye nyumba anasema picha imeganda. Filamu ilikuwa inachezeka kwenye kioo cha laptopu, iliyofunikwa na kitambaa kisije kikaingia vumbi.

Sauti inakaidi peke yake. Bonyeza alama ya spika chini kulia, uchague jina la televisheni badala ya spika za laptopu. Picha ikikatwa pembeni, hadi saa na vitufe vya chini havionekani, usihangaike na laptopu. Ni tabia ya kale ya televisheni, kuikuza picha kidogo ili kuficha kingo mbovu za enzi za chogo. Ingia kwenye ukubwa wa picha katika rimoti, utafute kinachoitwa Just Scan, Screen Fit au 1:1, kulingana na kampuni.

Na kama video zako za nyumbani zinaonekana ila filamu ya huduma ya kulipia inageuka giza televisheni ikibaki na sauti tu, hiyo si hitilafu. Ni kufuli ya hakimiliki, HDCP, inayotaka kila chombo njiani kionyeshe kitambulisho. Baadhi ya viboksi vya bei rahisi, na njia yote ya VGA, havina cha kuonyesha.

Kabla sijasahau, mwelekeo. Televisheni ya rafiki yangu ilipopasuka kioo, alitoa waya wa HDMI kwenye king'amuzi akauchomeka kwenye laptopu, ili aangalie mpira humo. Tundu la HDMI la laptopu ya kawaida ni mlango wa kutokea. King'amuzi nacho kinatoa. Wakakaa wote wawili wanasema, hakuna wa kusikiliza.

Umeme unaotekenya

Hili ndilo ambalo mafundi hawalizungumzi vya kutosha. Chaji laptopu, gusa bati lake au kichwa cha waya wa video, utasikia kitu kama siafu wanatembea kidoleni. Chaja na televisheni zina vichujio vinavyovujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye waya wa ardhi. Soketi zetu ni za matundu matatu, na lile la juu ndilo la ardhi. Lakini nani hajawahi kutia kalamu kwenye tundu hilo la juu ili plagi ya pini mbili iingie? Pale ambapo ardhi haipo, umeme ule uliovuja unabaki kwenye bati, unaweza kufikia nusu ya volti 240 zetu. Nguvu yake ni ndogo, unatekenya tu. Chipu ya HDMI, hata hivyo, haina ngozi nene kama yetu, na ukichomeka waya vyombo vyote viwili vikiwa ukutani, cheche moja ndogo inaweza kuimaliza. Tundu linabaki zima kwa macho, halitoi tena picha.

Mimi huchomoa chaja kwanza, nazima televisheni ukutani, napachika waya wa video kotekote, ndipo narudisha umeme. Mawingu yakianza kunguruma nachomoa vyote, pamoja na antena, kwa maana waya wa antena juu ya bati na laptopu yangu tayari ni ukoo mmoja.

Ndugu huyohuyo wa umeme uliovuja ndiye anayeleta muungurumo mzito kwenye spika kubwa pale unapounga laptopu na amplifaya. Jaribio lake ni la sekunde mbili: chomoa chaja, laptopu itumie betri. Muungurumo ukikatika, umempata mwizi. Usivunje pini ya ardhi ya plagi kama wafanyavyo wenye vibanda fulani; pini ile ndiyo inayokulinda siku chaja itakapoharibika kweli. Kipo kitransfoma kidogo kinachopachikwa katikati ya waya wa sauti, kinaondoa muungurumo bila kuhatarisha mtu.

Juu ya urefu na dhahabu sina mengi. Ukiwa na mita mbili au tatu na televisheni ya kawaida, waya wa HDMI wa bei ya chini unaopitisha picha unapitisha picha ileile ya waya wa bei ya juu, kwa vile tarakimu ama zinafika ama hazifiki. Televisheni nyingi za inchi 32 sebuleni mwetu zina nukta 1366 kwa 768. Waya wa "8K" hapo ni kuvaa koti la baridi Arua mwezi wa pili. Mambo hubadilika ukifika mita kumi na tano, kutoka kaunta ya kibanda hadi projekta. HDMI huanza kutoa vinyota vyeupe, kisha inakata kabisa. VGA hufa pole pole: kila herufi inapata kivuli chake upande wa kulia.

Nilirudi kwa hajati wiki ya pili na kiboksi, HDMI2AV, swichi kwenye PAL, nimekilisha kutoka USB ya laptopu. Mashemeji hawakuitwa safari hii. Harusi ikatokea, na rangi zake, na ngoma zake. Hajati akasogea hadi karibu na kioo, akashika kidevu.

"Mwalimu, mbona mwanangu amekonda hivi? Siku ile alikuwa ameshiba."

Kweli, bibi harusi alikuwa mwembamba na mrefu kama mnazi, na bwana harusi vilevile, na hata keki. Laptopu inatoa picha pana, 16 kwa 9. Chogo ni 4 kwa 3. Kiboksi kikaona dawa ni kuwabana watu wote mbavu. Filamu nilikuwa naichezesha kwa programu ya video iitwayo VLC. Nikabonyeza herufi A, tena na tena, vipimo vikipita juu ya kioo, mpaka 2.35:1. Pakatokea utepe mweusi juu na chini, na nyuso zikarudi mahali pake.

"Haya," akasema, akarudi kukaa. "Huyo ndiye wangu."